Mwaka Mirunda Ilipolala

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani aliitwa Mama Mirunda, na hata binti zake walioolewa mbali, wakimtafuta kwa simu za majirani, waliuliza, "Mama Mirunda yupo hapo?" Mtu yeyote aliyetaka kumimina sakafu ya ghorofa alihitaji miti ya kushikilia mbao kwa chini mpaka zege likauke, na miti hiyo, mirunda, ilikuwa kwake. Aliisimamisha uani ikiegemea ukuta, minene upande huu, myembamba upande ule, magome yote yamekwisha kwa kushikwashikwa. Kila mmoja ulikuwa na tone la rangi ya bluu kitakoni, usije ukapotelea kwenye kuni za mtu.

Biashara hiyo hakuisomea. Zamani alikuwa akiuza chai kwenye jengo moja kando ya barabara kubwa. Jengo lilipokwisha, msimamizi akaamuru miti ichomwe moto. Yeye akaomba apewe. Wakamcheka. "Utachemshia chai mpaka uzeeke," wakamwambia. Aliibeba kichwani safari baada ya safari mpaka shingo ikakataa kugeuka, na mumewe akawa anamkanda kwa maji ya moto huku akimuuliza kama ameoa mke au ameoa winchi. Haukupita muda, fundi mmoja akabisha hodi: amesikia kuna miti, je, anaweza kukodishiwa? Tangu siku hiyo birika la chai likageuzwa la kuwekea misumari.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole aliyeweza kukaa kutwa nzima akishughulika na pindo moja la suruali. Mama Mirunda hakujaliwa kitako cha namna hiyo. Alikula amesimama. Alizungumza na wageni huku akifagia chini ya miguu yao. Na sakafu ikimiminwa mahali, ndiyo usiseme: alipita asubuhi, akapita jioni, akainama chini ya mbao, akapiga kila mti kofi kama anayemjulia hali punda, akaanza kuwaamrisha vijana wa watu. "Huu umelegea. Gongeni kabari. Wewe, unacheka nini? Slabu ikija chini haitakuuliza kama ulikuwa unacheka." Mirunda yake ikisharudi salama uani ndipo alipopata usingizi wa maana, na hapo kazi nyingine ilikuwa imeshaanza.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, kitinda mimba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mama Mirunda ndiye aliyempeleka kujifunza uashi, akamnunulia na mwiko wa kwanza. Huyu watu walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuweza kuingia chumba cha mtu bila kuinamisha kichwa kutazama kama ukuta umenyooka. Kila alipopata kazi ya ghorofa, mirunda ilitoka kwa dada yake. Hilo halikuwa na mjadala.

Sasa, jirani yao mmoja alikuwa nesi mstaafu, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya mtaa, na wote walimwita Bi Nesi. Nyumba yake ya chini ilikuwa imekwisha zamani, lakini juu ya nguzo nondo zilibaki zimetokeza, zikisubiri ghorofa. Zilisubiri mpaka zikashika kutu. Kunguru walizizoea. Wahuni wa mtaani walisema nyumba ya Bi Nesi imenyoosha mikono juu, inaomba dua. Bi Nesi alikuwa akicheka nao, lakini kila akikusanya akiba ya kujengea, saruji ilikuwa imekwishapanda ikamwacha chini. Alitaka vyumba vya juu avipangishe, asiwe mzigo kwa watoto wake. Mwaka huo alimwambia Mama Mirunda, "Mwanangu, safari hii niwekee miti. Ghorofa nainua."

Mama Mirunda akaiweka. Akafukuza wateja wadogowadogo ili mirunda isipungue. Kisha siku moja Bi Nesi akaja mwenyewe uani, akakataa kiti.

"Mwanangu, nimekuja uso kwa uso. Miti sitachukua."

"Umeahirisha?"

"Siahirishi. Najenga. Ila najenga kwa zile boriti za kiwandani, zinazokuja zimekwishatengenezwa."

"Fundi gani kakudanganya hivyo?"

Bi Nesi akatazama vidole vya miguu yake. "Mdogo wako," akasema.

Mama Mirunda hakumaliza hata kufunga kilemba. Alimkuta Pimamaji kwenye jengo la mtu, anapanga matofali.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo mpelekee huyo aliyekununua."

Pimamaji akaweka mwiko chini taratibu. Alijua siku hiyo ingefika, na alikuwa ameyapanga maneno yake, lakini yalitoka shaghalabaghala. "Dada, nisikilize. Ukimpigia Bi Nesi hesabu ya zamani, kuna mbao, kuna misumari, kuna mirunda, kuna fundi wa kuunga mbao, halafu unangoja, halafu unalipa watu wa kubomoa. Vyote hivyo havibaki kwenye nyumba. Ni kama anajenga nyumba mbili, moja ya kutupa na moja ya kukaa. Mimi nimemwambia aache ile ya kutupa."

"Hiyo ya kutupa ndiyo iliyokununulia mwiko huo."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, dada. Lakini yule mama atakufa anatazama nondo."

Mama Mirunda akampa mgongo. Akaondoka kwa hasira ya mtu asiye na jibu, ambayo ni mbaya kuliko hasira nyingine, maana haina pa kutulia.

Matumaini yote ya mwaka yalikuwa kwenye kazi ile, na sasa mirunda ilikuwa imelala uani. Hakuisimamisha tena ukutani. Ilikuwa inalala chini na mchwa wanaipigia hodi. Mafundi wengine nao wakaanza kupita mbali. Alifagia uani mpaka udongo ukaisha, akafika kwenye kokoto. Mumewe alimsihi akae, akakaa, akasimama. Mwishowe akasema liwalo na liwe, akafunga safari kwenda kukiona hicho kiwanda kwa macho yake.

Watu walisema kiwanda, yeye akatarajia moshi na honi. Alikuta uwanja mpana pembezoni mwa mji, nusu yake umeezekwa bati. Chini ya bati kulikuwa na kalibu ndefu za chuma, za kumiminia boriti, zilizopangwa kama vitanda vya bweni, na mashine moja iliyotetemesha zege mpaka meno ya aliyesimama karibu yakagongana. Nje, boriti zilizomiminwa zilikuwa zimelala chini ya magunia mabichi. Zilikuwa nyembamba. Ndicho kilichomuudhi kwanza: wembamba wake. Upana wa kiganja, na juu nondo zimefumwa pembetatu zikitokeza kama uti wa samaki. Wanaume wawili wakaiinua moja mabegani na kuondoka nayo huku wanataniana.

Mwanamke mmoja akamjia, mikono ya shati imekunjwa, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Alikuwa ndiye mwenye kiwanda, na pale wote walimwita Injinia. Akamchukulia kuwa mnunuzi. Akamweleza kwa upole: boriti zinalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, katikati yake yanapangwa matofali yenye uwazi ndani, mepesi, kisha juu linamwagwa zege jembamba la kuviunganisha. Saruji inakwenda kidogo, nondo kidogo, na hakuna msitu wa miti chini.

"Na kinachoshikilia chini ni nini?" akauliza Mama Mirunda.

"Zenyewe. Chumba kikiwa kipana tunasimamisha mstari mmoja wa nguzo za chuma katikati, kwa siku chache. Ile miti ya zamani ilikuwa inakula pesa za watu bure, mama yangu. Njoo, simama juu ya hii boriti uone."

"Mguu unaniuma," akajibu, akaaga.

Njia nzima neno "bure" lilimfuata kama mbwa asiye na mwenyewe. Miaka yote ile alidhani anasaidia nyumba za watu zisimame. Kumbe machoni mwa wengine alikuwa mchwa tu.

Ndipo lilipomwingia lile wazo. Halikuja kwa mlango wa mbele. Siku boriti za Bi Nesi zilipoletwa, zilikuja kwa gari moja dogo, na kabla jua halijapinda chumba cha kwanza kilikuwa kimefunikwa. Majirani walijaa barabarani, mikono viunoni. Kazi ambayo zamani ingewachukua maseremala wiki, imekwisha kabla ya chakula cha mchana! Mama Mirunda alisimama nyuma ya wenzake, akayatazama yale matofali matupu yaliyopangwa hewani, akajisikia akisema moyoni, *ianguke.*

Alishtuka. Akajikemea. Lakini kesho yake akapita tena, na kesho kutwa akapita tena. Kila alipotoka alimwambia mumewe anakwenda kununua chumvi, mpaka chumvi ya nyumba ile ikatosha kukaushia ng'ombe mzima.

"Unangoja nini pale kwa Bi Nesi?" mumewe akamuuliza alasiri moja, mguu ukiwa kwenye kanyagio.

"Mimi? Singoji kitu."

"Unakwenda kulia msiba na mtu hajafa."

"Mume wangu, ile sakafu haina miguu. Umewahi kuona wapi? Itakuja chini."

"Ikija chini, itamwangukia nani?"

Mama Mirunda akachukua kikapu chake.

"Pimamaji yuko chini yake kutwa," mumewe akasema, akakata uzi kwa meno. Cherehani ikaendelea, na Mama Mirunda akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Zege la juu likamwagwa. Likanywa maji, likabadilika rangi. Kwa desturi aliyoijua yeye, sakafu ilikuwa bado mtoto mchanga; miti isingeguswa mpaka mwezi uishe. Lakini asubuhi moja, akipita na kikapu chake, akasikia nyundo. Akachungulia. Pimamaji alikuwa chini ya sakafu, ametoa shati nje ya suruali, analegeza zile nguzo za chuma za katikati, moja baada ya nyingine. Vibarua walikuwa wanazitoa nje. Bi Nesi mwenyewe alikuwa humo humo chumbani, amewaletea chai.

Ukasikika mlio. Tak! Kama kijiti kikavu kinapovunjwa.

Katika kazi yake mlio ule ulikuwa na maana moja tu. Mama Mirunda alitupa kikapu. "Tokeni! Inakuja! Tokeni!" Lakini yeye mwenyewe hakukimbilia nje, alikimbilia ndani, akamshika mdogo wake mgongoni, akamvuta kwa nguvu ya mtu aliyebeba mirunda ujana wake wote, shati likachanika toka kwenye kola hadi chini. Vibarua wakaruka dirishani, kila mtu na roho yake. Bi Nesi alifika mlangoni, akakanyaga karai, akaanguka, mguu ukapinda chini yake.

Wakasimama wote barabarani, wanahema, wanaitazama sakafu.

Sakafu nayo ikawatazama. Haikudondosha hata mchanga. Kunguru mmoja akatua juu yake, akatembea toka mwisho mmoja hadi mwingine bila haraka. Kisha kibarua mmoja akarudi kwa kunyata, akatoka na kabari ya mbao iliyopasuka katikati. Ilikuwa imefyatuka chini ya nguzo iliyolegezwa. Basi, ndiyo hiyo iliyolia.

Mtu mmoja akaanza kucheka, na cheko likaenea barabarani.

Pimamaji hakucheka. Alikuwa amesimama na shati lililogawanyika, kama mtu aliyetoka kupigwa. Miongoni mwa watazamaji alikuwemo muuza vipuri vya baiskeli, ambaye wiki hiyo alikuwa ampe kazi ya ghorofa ya duka lake.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "umenivua nguo mbele ya watu. Na simaanishi shati."

Maneno ya mtaani hayana breki. Hadi jioni ilikuwa imeshasemwa kwamba slabu ya Bi Nesi imepasuka. Kesho yake, kwamba imeua kibarua. Muuza vipuri akatuma ujumbe kwamba amebadili mawazo. Pimamaji akaacha kupokea simu za dada yake, na akipita njiani alipita upande wa pili, macho mbele, kama anayepeleka barua ya serikali.

Mama Mirunda alijifungia ndani. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa kama kufungwa kamba. Alipanga sahani, akazipangua. Aliliona lile shati juu ya meza ya cherehani. Pimamaji alikuwa amelitupa pale pale kwa Bi Nesi, na mumewe akaliokota bila kuulizwa, sasa anatafuta uzi unaofanana nalo.

"Mguu wa yule mama umevimba," mumewe akamwambia. "Wewe unapanga sahani."

Alikwenda. Bi Nesi alikuwa sebuleni, mguu umepandishwa juu ya kigoda, mnene kama kibuyu. Nje kulikuwa kimya. Vibarua walikuwa hawajarudi kazini. Mama Mirunda akapiga magoti, akaanza kusema samahani, Bi Nesi akamkatiza.

"Bendeji iko pale. Funga. Anzia kwenye vidole, panda juu. Bana! Funga kwa kubana, si kwa kuhurumia."

Akafunga.

"Nikuulize, mwanangu. Ulitaka ianguke?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa ndani ya moyo wake. Akazungusha bendeji mara moja zaidi, akasema, "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku boriti zako zilipoletwa."

"Na juzi uliposikia inalia?"

"Niliuona mgongo wa mdogo wangu. Sikuona kingine."

Bi Nesi akausogeza mguu juu ya kigoda. "Nimezalisha wanawake wengi," akasema. "Mtu akiwa na uchungu humlaani hata yule aliyemshika mkono. Sijawahi kumhesabia mtu maneno ya uchungu. Lakini huu mguu nauhesabu. Utanitekea maji, utanifulia, na slabu yangu utaimwagilia. Mdogo wako amesema inywe maji asubuhi na jioni, la sivyo itapasuka kweli, na vijana wote umewatia woga. Haya, ndoo ile pale."

Ngazi ilikuwa ya mbao, imeegemea ukuta wa nyuma. Mama Mirunda akapanda na ndoo, akafika juu. Alisimama pale ambapo chini yake palikuwa na ukuta, akayatupa maji kwa mbali kama anayemfukuza mbwa. Jioni akafanya hivyohivyo. Kesho yake akasogea kidogo, kwa ncha za vidole, kijasho chembamba kikimtoka. Kila alipotua mguu alingoja aisikie ikiyumba. Haikuyumba. Palepale katikati, penye chumba kipana, mahali ambapo yeye angeweka miti yake minene kuliko yote, zege lilikuwa baridi na gumu kama sehemu nyingine. Akaweka ndoo chini. Akatazama huku na huku kama kuna anayemwona. Akashika kanga yake magotini, akaruka.

"Umeanguka?" Bi Nesi akapiga kelele kutoka chini.

"Hapana! Nimeruka!"

"Basi ruka na chumba cha mbele, huko ndiko nitakakoweka wapangaji wanene!"

Akaruka na huko. Na alipotua, akalia, si kwa furaha wala si kwa huzuni kamili. Ilikuwa kweli, basi. Haikumhitaji.

Siku hiyohiyo, akiwa na kanga iliyolowa, akaingia dukani kwa muuza vipuri, akamkuta anahesabu minyororo. "Funga duka," akamwambia. "Twende." Yule bwana, kwa kuwa hakuna mtu mtaani aliyejua kumkatalia Mama Mirunda, akafunga. Mama Mirunda akampandisha juu kwa Bi Nesi, akamtembeza pembe hadi pembe, akamshusha, akamwonyesha chini: hakuna ufa, hakuna hata unywele. "Aliyepiga kelele ni mimi," akamwambia mbele ya watu waliokwishajaa. "Na ile kelele ilikuwa yangu, haikuwa ya slabu. Mdogo wangu kazi yake imenyooka. Ukitaka kumnyima kazi, tafuta sababu yako nyingine, usitumie yangu."

Muuza vipuri alifikiri kwa siku kadhaa, maana pesa ya mtu ina woga wake, kisha akampigia Pimamaji.

Pimamaji alikuja kwa dada yake jioni jua linazama, akasimama mlangoni, akainamisha kichwa kutazama fremu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shati lako liko kwa shemeji yako, limeshonwa. Mlango umenyooka?"

"Umelala kidogo upande wa kulia."

"Basi ingia utuinulie."

Walikula, dada amesimama.

Lakini mtu hali maneno mazuri, na mirunda ilikuwa bado chini. Sehemu ikauzwa kwa mfugaji aliyetaka kujenga mabanda. Nyingine mchwa walikwishamaliza shauri lake. Mzee aliyekuwa akiisukuma kwa mkokoteni miaka yote alikuja asubuhi kadhaa kuuliza kama kuna safari. Mama Mirunda hakujua amwambie nini, akawa anampa chai. Mwishowe yule mzee akaenda kusomba taka za soko, na kila walipokutana njiani alimsalimia vizuri tu, jambo ambalo lilimuuma kuliko kama angemnunia.

Uani ulipokuwa mtupu, Injinia akaja. Alikuwa anazunguka mitaani akitafuta kiwanja, kwa sababu wateja wa upande ule wa mji walikuwa wameongezeka na nauli ya kusafirisha boriti ilikuwa inakula kile walichookoa. Alitaka mahali pa kumiminia hukuhuku. Akamtazama mwenye uani kwa makini.

"Wewe si yule mama uliyekuwa na mguu unaouma?"

"Umepona," Mama Mirunda akasema. "Kaa tuzungumze."

Waliafikiana kwa mbinde. Injinia alitaka kukodi uani peke yake. Mama Mirunda akasema uani huu haukodishwi bila mwenyewe. Atakuwa yeye msimamizi wa kumwagilia, boriti hazitatoka mpaka aseme zimekomaa, na siku atakapomsikia mtu akisema miti ya zamani ilikuwa bure, mkataba umevunjika. Injinia akaona haya mpaka vumbi la saruji likambadilika rangi usoni. Akasaini.

Hela haikuwa kama ya miaka yake mizuri. Hakujidanganya. Lakini waliopita kuulizia bei sasa walikuwa watu ambao zamani wasingethubutu kupita: mwalimu, dereva wa gari la taka, wajane wawili waliochangiana nyumba moja. Bi Nesi akapata wapangaji, na kweli mmoja wao alikuwa mnene. Kalibu za chuma zikawekwa palipolala mirunda, na kutwa nzima Mama Mirunda alikuwa kati ya magunia na mpira wa maji, akifunua, akifunika.

Ungedhani angetulia. Siku moja alikwenda kwenye jengo la muuza vipuri, akakuta slabu imekwisha, safi, lakini pale pembeni maseremala wanagonga mbao za ngazi, mtindo uleule wa zamani, misumari inamwagika kama mvua. Akarudi mbio.

"Ngazi je?" akamuuliza Injinia kwa simu, hata salamu hakutoa. "Kwa nini ngazi haimiminwi kiwandani?"

"Tulijaribu, mama. Nzito mno. Hakuna wa kuibeba."

"Mkaimimina nzima?"

"Nzima."

"Na kama ni vipandevipande, kidato kimojakimoja?"

"Vitashikana na nini?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Injinia akamchorea kitu kwenye karatasi, Pimamaji akakuna kichwa, akaunga kalibu ya mbao kwa mikono yake. Kidato cha kwanza kilivunjika walipokitoa. Cha pili kilitoka kizima, kikapasuka walipokikanyaga wote wawili. Pimamaji akasema zege lilikuwa na maji mengi. Dada yake akasema nondo imekaa juu mno. Wakagombana hadi mumewe akafunga dirisha ili asikie cherehani yake. Cha tatu wakakimimina kwa kubishana kila karai, kisha wakakifunika.

"Usikiguse mpaka wiki iishe," Pimamaji akasema akinawa mikono. "Dada, unanisikia? Usikiguse."

"Nimesikia."

Akamsindikiza hadi barabarani. Akamtazama akikata kona. Kisha akarudi uani, akachukua kigoda, akakaa kando ya gunia lililolowa. Akatazama juu, akatazama ukuta, akatazama mikono yake. Halafu akainua pembe ya gunia, kidogo tu.